Miguu Ikilegea Ghafla, Usingoje Kukuche

Katika kila watu laki moja, ugonjwa wa Guillain-Barré humpata mmoja au wawili kwa mwaka. Dubai ina wakazi zaidi ya milioni tatu na nusu, kwa hiyo ukipiga hesabu hiyo unapata wagonjwa kati ya 35 na 70 kila mwaka. Na kwa kuwa wengi wa wakazi wa mji huu ni vijana waliokuja kutafuta riziki, ilhali ugonjwa huu huzidi kadiri umri unavyopanda, huenda wakawa wachache kuliko hapo. Wanaume huupata zaidi kidogo kuliko wanawake, na watoto nao hawakusalimika.

Hilo ndilo swali la kwanza la kila anayesikia jina hili: unapata watu wangapi? La pili ni kama unaua. Katika kila wagonjwa 100, kati ya 20 na 30 hufikia hatua ya kushindwa kupumua wenyewe wakawekwa kwenye mashine. Hata penye hospitali nzuri, kati ya 3 na 7 hufariki. Ila miezi sita baadaye, karibu 80 huwa wanatembea bila kushikiliwa na mtu. Kwa ugonjwa unaoweza kumlaza mtu mzima kama gogo ndani ya juma moja, hiyo ni habari njema, nami nataka uishike.

Lakini ishike pamoja na jambo hili: takwimu hizo zimetokana na wagonjwa waliofika hospitali, wakaangaliwa pumzi na mapigo ya moyo usiku na mchana. Aliyebaki kitandani akichuliwa mafuta hayumo ndani yake. Ndiyo sababu nawaandikia ndugu zangu wa Rashidiya, mnaoishi nyuma ya uwanja wa ndege, katika nyumba zilizogawanywa vyumba na vyumba kugawanywa vitanda, mnaopishana zamu za usiku na mchana kwenye stesheni ya metro ambayo siku hizi imeandikwa Centrepoint nasi bado tunaiita Rashidiya. Hapa mtu hana mama wa kumtazama usoni asubuhi akajua mwanawe hayuko sawa. Ana mwenzake wa kitanda cha jirani. Huyo ndiye atakayeuona ugonjwa huu kabla ya daktari yeyote, na uamuzi wake wa usiku huo mmoja una uzito kuliko mengi yatakayofuata.

Ugonjwa wenyewe huanza hivi. Mtu anaugua kitu cha kawaida: kuhara siku mbili tatu, au mafua na kikohozi. Anapona, anarudi kazini. Wiki moja hadi sita baadaye kingamwili zilizotengenezwa kupigana na kijidudu kile zinageuka na kushambulia neva za mwili wenyewe. Neva ina ganda linaloifunika kama waya wa umeme unavyofunikwa na plastiki. Ganda likichubuka, amri ya ubongo kwa mguu hufika imechelewa au haifiki kabisa, na wakati mwingine waya wenyewe wa ndani ndio unaoumia. Theluthi mbili ya wagonjwa hukumbuka kuumwa kitu fulani kabla. Kijidudu kinachotajwa zaidi ni Campylobacter, kinachokaa kwenye kuku asiyeiva vizuri na kwenye maji machafu. Wengi sana hupata kijidudu hicho wakaharisha yakaisha. Mmoja tu katika elfu moja au zaidi ndiye anayeingia kwenye Guillain-Barré. Basi usiogope kula kuku. Mpike aive hadi mfupani, usimwoshe mbichi kwenye sinki ambamo wenzako wanaosha kachumbari, na ubao uliokatia nyama usiukatie mboga. Katika jiko la watu kumi hilo linahitaji kusemwa kwa sauti.

Dalili za mwanzo ni ndogo, na hilo ndilo linalopoteza watu. Ganzi au mchomo vidoleni mwa miguu yote miwili. Maumivu ya mgongo au mapaja yasiyoelezeka. Kesho yake ngazi zinakuwa nzito. Mtu anashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, anainuka kitini kwa kujisukuma. Keshokutwa magoti yanakatika ghafla njiani. Kisha udhaifu unapanda: mapaja, kiuno, mikono, wakati mwingine uso pande zote mbili hata kope hazifungi vizuri na chai inamwagika mdomoni. Udhaifu huongezeka kwa siku kadhaa, aghalabu hadi wiki mbili, na kwa fasili ya madaktari haupiti wiki nne kabla ya kufika kilele. Lakini kwa baadhi ya watu safari yote hiyo huwa ya siku moja au mbili.

Tazama mambo mawili: ni pande zote mbili, na inapanda. Kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja, mkono na mguu wa kulia au wa kushoto. Hapa miguu yote miwili huenda pamoja. Ukiona hivyo kwa mtu aliyekuwa mzima wiki iliyopita, ni dharura ya leo, hata kama anaongea na kucheka.

Najua yatakayosemwa chumbani, kwa sababu ndiyo yanayosemwa kila mahali tulipo. Watasema ni AC imempiga miguuni. Ni uchovu wa kusimama saa kumi na mbili getini. Ni baridi yabisi, achuliwe. Mwingine atashauri hijama, mwingine sindano za vitamini B kutoka duka la dawa, na yupo atakayenong'ona kwamba ametumiwa kitu kutoka nyumbani. Sina ugomvi na dua. Mwombeeni, na mwombeeni mkiwa ndani ya gari la wagonjwa. Hakuna mafuta wala chuku inayozuia kingamwili, na kila saa inayopita kwenye kuchua ni saa ambayo misuli ya kifua inaweza kuwa inachoka kimyakimya. Hilo la kifua ni muhimu mno, nami nataka tukae nalo.

Anayeshindwa kupumua kwa pumu anahema, anatoa sauti, kila mtu anamwona. Wa Guillain-Barré hana nguvu ya kuhema. Anakuwa mtulivu. Sauti inapungua, anaongea vipande vifupi, kikohozi chake hakina kishindo, mate yanampalia, hawezi kulala chali. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri hadi dakika za mwisho, kwa hiyo kisikupe usingizi. Kuna jaribio ambalo madaktari hulitumia na wewe unaweza kulifanya ukiwa unangoja gari. Mwambie akae wima, avute pumzi hadi mwisho, kisha ahesabu kwa sauti kwa pumzi hiyo moja bila kuvuta nyingine. Mtu mwenye afya hupita ishirini bila taabu. Kwa Kiswahili namba hurefuka baada ya kumi, kwa hiyo ahesabu moja hadi kumi, kisha aanze tena moja hadi kumi. Andika alipofika na saa. Rudia baada ya nusu saa. Akishindwa kufika ishirini, au namba ikishuka kutoka ilipokuwa, mwambie hivyo mtu wa kwanza mwenye koti la hospitali utakayemwona. Ila jaribio hilo lisikupe sababu ya kubaki nyumbani. Hata akihesabu arobaini, mnaenda.

Namba ya gari la wagonjwa Dubai ni 998. Msimpeleke kwenye kliniki ndogo ya mtaani kwa sababu tu ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya bima. Hiyo ni kwa mafua. Dharura inaruhusiwa kwenda hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na Rashid Hospital iliyoko Oud Metha, hospitali kubwa ya serikali kwa mambo ya dharura, haiko mbali na Rashidiya. Mkifika, msiseme tu "anaumwa miguu" au "amechoka". Semeni: alikuwa mzima hadi siku fulani, alihara au alikuwa na mafua siku fulani, miguu yote miwili imelegea tangu siku fulani, leo hawezi kupanda ngazi, udhaifu unapanda. Kisha ulizeni waziwazi kama inaweza kuwa Guillain-Barré. Kumtajia daktari jina hilo si kumfundisha kazi. Yeye anaona wagonjwa mia kwa siku, na huu ni ugonjwa wa mmoja katika laki.

Daktari atagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Goti la mzima huruka. La mgonjwa huyu aghalabu hubaki palepale. Watapima damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya potasiamu nao hulegeza miguu ya vijana ghafla na tiba yake ni nyingine kabisa. Wataangalia uti wa mgongo, kwa sababu kifua kikuu cha mgongo au uvimbe unaobana uti hufanana na haya, hasa mtu akishindwa kukojoa mapema. Huenda wakachomoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Watu wetu huiogopa sindano hiyo, wakisema inapoozesha. Haipoozeshi, huchomwa chini ya mahali uti unapoishia. Wanachotafuta ni protini nyingi bila kuongezeka kwa seli nyeupe, na katika wiki ya kwanza kipimo hicho kinaweza kutoka safi, kwa hiyo jibu safi la siku ya pili lisiwarudishe nyumbani ikiwa miguu inazidi kulegea.

Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli jina ni la Wafaransa, Georges Guillain na Jean Alexandre Barré, walioandika mwaka 1916 pamoja na mwenzao André Strohl kuhusu wanajeshi wawili wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Lakini madaktari wa KCMC pale Moshi, akiwemo William Howlett, waliwakusanya wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania na kuwalinganisha na wa magharibi mwa Norway katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996. Na kwetu sote, mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea viungo ghafla lazima aripotiwe na apimwe choo kwa ajili ya polio. Kati ya wale wanaokutwa hawana polio, wengi huwa na Guillain-Barré. Kama aliyelegea ni mwanao, hapa au nyumbani, mkubalie mhudumu anayedai sampuli mbili za choo.

Tiba zipo mbili, na zinakaribiana kwa nguvu. Moja ni imunoglobulini, kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangia damu wengi, zinazoingizwa kwa dripu kwa siku tano. Kipimo ni gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku; mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 28 kila siku, jumla 140. Nyingine ni kubadilisha plazima: damu hutolewa, maji yake yenye kingamwili zile huondolewa, seli hurudishwa, kwa awamu nne hadi sita ndani ya wiki mbili hivi. Imunoglobulini inafaa ianze ndani ya wiki mbili tangu udhaifu uanze. Dawa za jamii ya prednisoloni, ambazo kwetu hupewa mtu kwa kila uvimbe, hazisaidii hapa. Tiba zote mbili huharakisha kupona. Hazimwinui mtu siku ileile. Familia nyingi hukata tamaa siku ya sita zinapoona dripu imekwisha na mguu haujasogea. Kilele bado kinaweza kuwa mbele. Subirini.

Sasa jambo ambalo sijaona likiandikwa kwa ajili yetu. Mgonjwa wa Guillain-Barré aliye kwenye mashine ya kupumulia mara nyingi ana akili zake zote. Anasikia, anaelewa, anaumwa, anaogopa, na hawezi kusogeza hata kidole. Maumivu yake huwa makali, na kuguswa na shuka tu kunaweza kumchoma. Wauguzi wake pengine ni Wafilipino na Wahindi wa Kerala, watu wa kazi njema, lakini hakuna anayejua Kiswahili, na Kiingereza cha mgonjwa huenda ni kile cha getini. Mtengenezeeni karatasi. Andikeni maneno makubwa kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza: naumwa, nigeuze, kohozi, joto, baridi, macho yanakauka, naogopa, niite ndugu yangu. Mkubaliane naye akiwa bado anaweza: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Muuguzi apitishe kidole neno kwa neno hadi afumbe. Bandikeni ukutani juu ya kitanda, na nakala ikae kwenye faili, maana wauguzi hubadilishana zamu kama nyinyi.

Na mnapomtembelea msizungumze mbele yake kana kwamba hayupo. Msijadili gharama wala nani atasafirisha mwili. Mwambieni leo ni siku gani, Simba au Gor Mahia wamefungana vipi, mama amesema nini. Mwambieni kila siku kwamba ugonjwa huu una kilele na una kushuka.

Kuhusu fedha, sheria ya Dubai namba 11 ya mwaka 2013 inamlazimu mwajiri kumkatia mfanyakazi bima na kuilipa yeye, bila kuikata kwenye mshahara. Kifurushi cha msingi, kile cha wenye mshahara usiozidi dirham 4,000, kina ukomo wa dirham 150,000 kwa mwaka. Zinaonekana nyingi mpaka ziguse chumba cha wagonjwa mahututi na gramu 140 za imunoglobulini. Siku mbili za kwanza tu, mmoja wenu aende ofisi ya bima ya hospitali aulize kimetumika kiasi gani, na aombe kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii. Huyo ndiye anayejua njia ya kuandikia taasisi za hisani zenye kibali.

Hapa nawasihi sana. Sisi desturi yetu ni mchango: mtu akilala, grupu la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyohiyo. Katika Falme za Kiarabu, kukusanya michango bila kibali ni kosa chini ya sheria namba 3 ya mwaka 2021, na adhabu yake ni faini kubwa au kifungo. Mchango ufanyike nyumbani, chini ya familia. Hapa pitieni taasisi zilizosajiliwa, au ubalozi wenu. Tanzania na Kenya zina ubalozi mdogo hapahapa Dubai, na Uganda ina ubalozi Abu Dhabi.

Wengine huficha udhaifu kwa kuogopa kufutiwa viza. Mjue haki yenu. Aliyemaliza kipindi cha majaribio ana hadi siku 90 za likizo ya ugonjwa kwa mwaka: 15 kwa mshahara kamili, 30 kwa nusu mshahara, zilizobaki bila malipo. Mwajiri ajulishwe ndani ya siku tatu za kazi kwa ripoti ya daktari. Msimtumie msimamizi ujumbe wa sauti tu. Ni baada ya siku hizo kwisha ndipo anaporuhusiwa kukatisha mkataba, na malipo ya mwisho wa kazi yanabaki kuwa haki ya mfanyakazi. Wafanyakazi wa ndani wana sheria yao, yenye siku chache: 30, na nusu yake ndiyo yenye mshahara. Dada zetu walio majumbani wasingoje hata siku moja kusema.

Kishawishi kikubwa ni kumrudisha nyumbani haraka, aende akauguzwe na wake. Katika wiki ambazo ugonjwa bado unapanda, hilo ni hatari kubwa. Ndege ya Dubai kwenda Nairobi au Dar es Salaam ni saa tano au zaidi, na pumzi inaweza kukatika juu ya Bahari ya Hindi. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo nayo hupanda na kushuka ovyo katika ugonjwa huu. Asisafiri mpaka daktari wa neva aandike kwamba udhaifu umesimama na pumzi iko salama. Na akisafiri, abebe ripoti ya kipimo cha neva, majibu ya maji ya mgongo, na maandishi ya dawa aliyopewa, gramu ngapi na tarehe gani. Bila hayo, daktari wa Muhimbili au Kenyatta ataanza sifuri.

Kupona ni kwa polepole. Mikono na miguu hurudi kwa miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Mazoezi ya viungo yaanze akiwa bado kitandani: mtaalamu akifundisha namna ya kukunja vifundo na vidole, jifunzeni nanyi, kila kiungo kwa upole, mara kadhaa kwa siku, ili kisikakamae. Msimlazimishe hadi achoke hoi. Na uchovu ndio unaodumu kuliko yote. Zaidi ya nusu ya waliopona hulalamika miaka baadaye kwamba nguvu hukatika mchana, ilhali kwa macho wanaonekana wazima. Huyo si mvivu. Akirudi kazini aombe kituo cha kukaa, zamu fupi, mapumziko katikati, na ripoti ya daktari iseme hivyo kwa maandishi.

Wengi huniuliza kuhusu chanjo. Mwaka 1976 chanjo ya mafua ya nguruwe huko Marekani ilihusishwa na mgonjwa mmoja wa ziada hivi kwa kila waliochanjwa laki moja. Chanjo za mafua za siku hizi, hatari hiyo ni kama mmoja au wawili katika milioni, na mafua yenyewe huleta Guillain-Barré zaidi ya hapo. Aliyewahi kuugua aulize daktari wake kabla ya kuchanja. Wengine wote wachanje.

Kurudi kwa ugonjwa si jambo la kawaida: kati ya wagonjwa 2 na 5 katika 100. Lakini kama udhaifu unaendelea kuzidi baada ya wiki nane, au unapungua na kurudi kila tiba inapokwisha, rudini kwa daktari wa neva mkamuulize kama si ndugu yake wa muda mrefu, ule unaoitwa kwa kifupi CIDP. Huo nao ni wa nadra, ila tiba yake ni ya kurudiwarudiwa, na prednisoloni isiyofaa kwenye Guillain-Barré kwenye huo hufaa. Ndiyo maana hata aliyeanza kutembea asiache kuhudhuria miadi ya miezi mitatu ya mwanzo.